Pindo la Shati la Ezell

Jumamosi ile ya Novemba ilianza kama Jumamosi nyingine zote za msimu. Magari ya wanachama wa klabu ya uwindaji ya Mount Nebo yalijipanga mbele ya kibanda chao, mbwa wakikwaruza ndani ya masanduku, na Shemasi Toomer akagawa soseji za kuchoma zilizofungwa ndani ya mkate. Lavon Smalls alifika na baba mkwe wake, Ezell Grimball, katika gari moja, wakibishana juu ya mpira.

"Leo timu yako inachapwa, mzee."

"Ichapwe tu, mwanangu. Saa saba nitakuwa nyumbani, miguu juu ya kiti, naitazama ikichapwa," alisema Ezell, akacheka kwa kinywa wazi. Alipenda kucheka hivyo ili watu walione gego lake la dhahabu, la chini kushoto, alilolitia mjini Savannah enzi za ujana wake.

Lavon alimpenda mzee huyo. Ndiye aliyempa binti yake Renita bila kumsumbua, na ndiye aliyemfundisha kupiga kulungu anayekimbia. "Usimpige alipo," alikuwa akimwambia. "Mpige pale atakapokuwa. Peleka mtutu mbele ya bega, halafu usisimamishe mkono."

Klabu ya Mount Nebo ina sheria chache, na hakuna iliyoandikwa. Usitoke kituoni kwako, pale unaposimama kungoja mnyama, kabla honi haijapigwa. Usimpige mnyama aliyevuka mtaro, maana huko ni mbali na marisau ya bunduki hutawanyika. Ukikosa, pindo la nyuma la shati lako hukatwa mbele ya wote, likapigiliwa ukutani na jina lako juu yake, upende usipende. Na ile ya mwisho watoto wa kule hufundishwa kabla hawajashikishwa bunduki: damu ukiimwaga, ifuate. Anayejeruhi mnyama akamwacha hupokonywa kituo chake, na hakirudi kwake wala kwa mwanawe.

Kituo cha Ezell kilikuwa chini ya mwaloni mkubwa kwenye ukingo wa kinamasi cha Cuffee. Baba yake alisimama pale, na babu yake kabla ya baba yake. Ng'ambo ya mtaro, ndani kabisa ya kinamasi, wamezikwa watu wa zamani waliolimishwa mpunga kwa mijeledi, makaburi yao yamewekwa magamba ya kome na vikombe vilivyopasuka. Huko haingii mtu. Hata Shemasi Toomer, anayewaombea wagonjwa kwa sauti ya kutikisa madirisha, akipita karibu na mtaro ule huvua kofia na kunyamaza.

Mbwa walifunguliwa upande wa mashamba. Lavon alikuwa kituo cha jirani, akasikia sauti ya Queenie, jike mzee wa Kapteni Mungin, mkuu wa klabu, ikipanda juu ya sauti za wengine. Queenie hakuwa mbwa wa kubweka ovyo. Alipotoa ule mlio wake mrefu wa kuvunjika mwishoni, ujue pua yake imekanyaga njia mbichi ya mnyama. Vichaka vikafunguka. Kulungu jike akatoka akiruka, mkia mweupe juu, akampita Lavon mbali mno, akauruka mtaro.

Bunduki ya Ezell ililia.

Kisha ikasikika sauti ya pili, ndogo, ambayo kila mwindaji anaijua, kama kofi kwenye unga uliokandwa. Yule jike alijikunja mgongo, mkia ukashuka katikati ya miguu, akaingia kwenye matete ya Cuffee huku akitembea kama mama aliyeshikwa na uchungu.

Honi ilipopigwa, Lavon alimkuta Ezell ng'ambo ya mtaro akisukuma majani makavu kwa kiatu. Alikuwa akifukia kitu. Lakini hakufukia vizuri, na Lavon akaona: nywele nyeupe fupi, za tumboni, na juu ya jani moja tope la kijani lililokuwa bado linafuka moshi, nyasi na mbegu za mwaloni zilizotafunwa nusu. Harufu yake ikampanda puani. Ni harufu ya utumbo uliotobolewa, na aliyeinusa mara moja haisahau.

"Umempiga tumboni, mzee."

"Nimekosa."

"Mzee, hii hapa..."

"Lavon." Ezell alimshika kola. "Goti langu halinisikii. Kule maji ni ya kiuno, na ni Cuffee. Niingie makaburini kwa ajili ya jike mmoja? Nimekosa. Umesikia? Nimekosa."

Uvivu, woga na mpira wa saa saba. Kwa hayo matatu mnyama aliachwa akafe kifo cha siku nyingi, tumbo lake likijimwagia ndani. Lavon alijua ni uchafu. Alijua, akairamba midomo iliyokauka, akanyamaza.

Kibandani walicheka sana. Kapteni Mungin aligonga meza kwa rungu la kupondea nyama, akatangaza kesi, na kwa kuwa mkwe ndiye mwenye haki ya kumwaibisha mkwe, mkasi alipewa Lavon. Shati lilikuwa la miraba myekundu na myeusi, zawadi ya Renita. Lavon alilikata pindo lile huku watu wakimtania Ezell kuwa sasa macho yamezeeka, anunuliwe fimbo nyeupe. Ezell alicheka kuliko wote. Pindo likapigiliwa ukutani, juu ya waya ambao Kapteni hutungikia taya za kulungu wote waliouawa msimu ule, kila moja na umri wake. Kazi ya kukata taya na kusoma umri kwenye meno ilikuwa ya Lavon pia.

Queenie peke yake hakuwa na furaha. Alikaa mlangoni akilitazama lile pindo.

Wiki iliyofuata Renita aliwakaribisha chakula cha Jumapili. Alipika wali mwekundu, kuku na mboga za majani zilizochemshwa na mfupa wa nguruwe, chakula ambacho baba yake angeweza kukiendea kwa miguu kutoka Savannah. Ezell alitia kijiko mdomoni, akaacha kutafuna. Uso ukamgeuka. Akatema kwenye kitambaa.

"Renita, umeweka nini humu?"

"Chumvi na pilipili, baba. Kwani vipi?"

"Kinaoza."

Alipolisema neno hilo pumzi yake ikavuka meza, na Lavon akaweka uma chini. Ilikuwa harufu ileile ya kwenye jani. Renita alidhani ni jino, akamsugulia baba yake magadi na mnanaa, akampeleka kwa daktari wa meno na kisha kwa daktari wa tumbo. Madaktari walimpiga picha, wakamwambia yu mzima. Mzima gani huyo? Tumbo lake lilikuwa limeanza kuvimba upande wa kushoto, chini ya mbavu, na ukikaa karibu naye ulisikia ndani mle kitu kikichuruzika. Kanisani watu walianza kuhama benchi. Walifanya hivyo kwa adabu, wakisingizia feni na watoto, lakini walihama.

Kibandani nako kulikuwa na mambo yake. Jumamosi moja ya Desemba, baridi ya kugandisha ndoo, nzi walizuka ukutani. Hawakutua kwenye taya wala kwenye ndoo ya makombo. Walitua kwenye pindo la Ezell tu, wakalifunika hadi miraba isionekane. Kapteni Mungin aliwafukuza kwa gazeti, akagusa kitambaa, akakuta kimelowa. Alinusa kidole chake. Akatoka nje haraka, wakamsikia akitapika nyuma ya gari lake.

Jumamosi hiyo hiyo mbwa waliharibikiwa.

Walifunguliwa kama kawaida upande wa mashamba. Badala ya kuingia msituni, waliinamisha pua, wakazunguka mara moja, wakarudi barabarani kwa mbio. Queenie alitangulia. Wakampita Kapteni, wakampita Shemasi, wakampita Lavon bila hata kumtazama, wakilia ule mlio wa kukanyaga njia mbichi. Njia iliwafikisha chini ya mwaloni. Lavon alipofika alimkuta Ezell juu ya paa la gari, mzee mzima wa miaka sitini na zaidi, amekumbatia bunduki yake na kulia, na mbwa wote chini yake wameinua pua wanamwimbia.

Kwanza walicheka. Halafu wakaacha kucheka, kwa sababu mbwa hawakukubali kuitwa. Iliwabidi wavutwe mmoja mmoja kwa kamba.

Shemasi Toomer alimshusha Ezell kwa mkono, akamkazia macho huku akijiziba pua kwa leso. Alizungumza kwa sauti ya chini kabisa.

"Ezell, ndugu yangu. Uliacha kitu kule?"

"Sikuacha kitu. Nilikosa. Pindo langu si liko ukutani? Nenda kaliangalie!"

"Nimeliangalia. Ndiyo maana nauliza." Shemasi alimgeukia Lavon. "Nyanya yangu alikuwa akisema mnyama aliyepigwa tumbo akaachwa, akifika kwa wale waliolala Cuffee hafi. Watamshikilia, maana wao nao walijua kufukuzwa na mbwa. Watamshikilia mpaka apatikane wa kukimbia badala yake. Dawa yake ni moja. Mwenye kosa aseme kosa lake mbele ya watu, aende akammalize. Wewe ulikuwa kituo cha jirani, Lavon. Uliona nini?"

Lavon alimtazama mkwe wake. Ezell alitikisa kichwa kidogo tu, machozi yakimshuka hadi kwenye ndevu. Kituo cha baba yake. Kituo cha babu yake.

"Alikosa," Lavon alisema.

Njiani kurudi nyumbani walifungua madirisha yote ya gari, baridi ikawachoma masikio. Lavon alishindwa kuvumilia.

"Mzee, mficha maradhi kifo humuumbua. Twende tukamtafute, mimi na wewe. Nitakubeba kwenye maji. Tummalize, halafu uwaambie. Wakichukua kituo, wachukue! Renita anakuhitaji wewe, si ule mwaloni."

Ezell aligeuza uso dirishani. "Hahitaji kutafutwa," alisema. "Anakuja. Kila asubuhi nikifungua pazia la jikoni yuko kwenye uwanja, karibu na kamba ya nguo. Tumbo lake liko wazi, Lavon. Limekuwa jeusi. Mabuu yanaingia na kutoka kama watu wa sokoni. Na anatafuna. Amesimama ananitazama, anatafuna, anameza, na alichomeza kinatokea pale kwenye tundu, kinaanguka miguuni pake. Halafu anainama anakila tena."

Lavon alisimamisha gari, akafungua mlango, akatema mate nje.

"Kwa nini usimpige, yuko hapo uwanjani?"

"Nimempiga. Mara ngapi sijui. Anatafuna tu."

"Basi sema, mzee. Shemasi amekuambia, useme."

"Nitasema." Ezell alijifuta uso kwa mkono wa shati. "Msimu unafungwa siku ya Mwaka Mpya. Niache nisimame pale kwa baba mara ya mwisho, kama mtu. Siku hiyo, tukishakula, nitasimama mwenyewe niseme. Nakuapia kwa kaburi la mama yake Renita."

Lavon alikubali. Kama kuna jambo lilimla baadaye kuliko mengine, ni hilo, kwamba alikubali kungoja. Angegeuza gari palepale, angemburuta hadi kwa Shemasi akipiga kelele, leo Renita angekuwa na baba.

Mwaka Mpya uliamka na jua zuri. Usiku wa kuamkia siku hiyo watu walikesha kanisani, na Ezell hakuonekana, lakini asubuhi Lavon alipompitia alimkuta tayari amekaa kwenye ngazi za baraza, bunduki magotini. Renita alikuwa ameupaka upya mlango wa baba yake rangi ya samawati, kama wafanyavyo watu wa kule kuzuia visivyoalikwa. Karibu na kitasa rangi ilikuwa imerambwa ikatoka yote, mpaka mbao zikaonekana.

Jambo la kwanza Lavon aliloligundua ni kwamba harufu haikuwepo. Alivuta pumzi tena. Hakuna. Tumbo la mzee lilikuwa limenywea chini ya koti, na alitembea kuelekea gari kwa wepesi, goti halimsumbui.

"Umepona, mzee!"

Ezell alimtazama kwa upande, kwa jicho moja. Shavu lake lilikuwa likizunguka polepole. Lavon alidhani ni tumbaku, akatafuta mahali pa kumwekea kopo la kutemea. Baadaye, walipopita kwenye matuta ya barabara, mdomo wa mzee ulifunguka kidogo, na hamkuwa na kitu ndani. Alikuwa akitafuna hewa.

Walipofika kibandani mbwa walinyamaza kwenye masanduku. Kimya kabisa. Ezell alishuka, hakumsalimia mtu, akashika njia ya mwaloni peke yake, akikanyaga majani makavu bila kuyaliza.

"Mwache," alisema Shemasi Toomer. "Ana lake moyoni leo."

"Amesema atazungumza tukishakula," Lavon alimnong'oneza.

Shemasi alimwangalia muda mrefu. "Kwa hiyo kuna la kuzungumza," alisema.

Mbwa walifunguliwa. Safari hii hawakukosea wala kusita, walikwenda moja kwa moja. Lavon, kituoni kwake, aliwasikia wakitokea upande wa mashamba, wakizunguka nyuma yake, wakielekea Cuffee. Wakielekea mwaloni. Alisikia Queenie akitoa ule mlio wake. Alitaka kukimbia akaone, lakini honi ilikuwa haijapigwa, na mtu anayetoka kituoni kabla ya honi ni mtu anayetafuta kuuawa na wenzake. Akabaki. Akasubiri kusikia bunduki ya Ezell.

Haikulia.

Vichaka vilifunguka upande wa mwaloni. Kulungu jike alitoka, mkubwa, mzima, ngozi inang'aa, hana jeraha. Alikuwa akikimbia kwa nguvu zake zote, ulimi nje, mbwa nyuma yake. Jambo la ajabu ni kwamba hakukata kona. Kulungu akimwona mtu hukata kona. Huyu alimwona Lavon, akageuka akamjia, kama mtu anayekimbilia mlango anaoujua.

Mkono wa Lavon ulipanda wenyewe. Mtutu mbele ya bega. Usisimamishe mkono.

Bunduki ikalia, na kulungu akaanguka hatua chache kutoka kwenye viatu vya Lavon. Aliinua kichwa mara moja, akamtazama, akafungua kinywa. Sauti ilitoka, nyembamba, isiyofanana na sauti ya kulungu. Kisha kichwa kikalala. Mbwa walipofika hawakumrarua wala kumvuta. Walisimama mbali kidogo, mikia tumboni, na Queenie akakaa chini akageuza uso.

Alikuwa mnyama pekee wa siku hiyo, na kwa desturi ya kufunga msimu huliwa palepale. Kwa wiki nyingi hakuna aliyekuwa ametamani kula ndani ya kibanda kile, lakini siku hiyo uvundo ulikuwa umeondoka, nzi wametoweka, pindo la Ezell limekauka ukutani kama kitambaa kingine chochote, na watu waligundua kuwa wana njaa ya kutisha. Walimtundika, wakamchuna. Nyama ilikuwa safi, nyekundu, haina hata doa. Shemasi alikaanga ini na vitunguu kwenye sufuria kubwa, Kapteni akapakua wali na kunde na mboga za majani za Mwaka Mpya, na wakala kwa vidole, mafuta yakiwachirizika viganjani.

"Tamu hii," Kapteni alisema, kinywa kimejaa. "Ini tamu hivi sijapata kula tangu nizaliwe."

"Mwekeeni mzee fungu lake," alisema Lavon. Naye alikuwa amekula. Alikula vipande viwili, akaongeza cha tatu.

Fungu la Ezell lilifunikwa kwa sahani. Honi ilikuwa imepigwa zamani, ikapigwa tena, hakutokea. Walidhani anaaga kituo cha baba yake. Mwishowe Shemasi alifuta mikono, akachukua gari kwenda kumleta.

Makombo walimwagiwa mbwa, kama ada. Hakuna mbwa aliyeyagusa.

Lavon alikaa kwenye gogo na kichwa cha yule jike magotini, akachukua mkasi wa kukatia matawi, akapasua shavu ili akate taya asome meno. Kapteni alikuwa amesimama karibu na waya, akichokonoa meno yake kwa kijiti.

"Ana umri gani huyo?"

Lavon aliukunjua mdomo. Magego yalikuwa yamelika vizuri, ya mnyama mtu mzima. La kwanza, la pili, la tatu. La nne lilimrudishia jua usoni.

Alilifuta kwa kidole gumba akidhani ni mafuta. Halikufutika. Lilikuwa la dhahabu, la chini kushoto, limekwaruzwa kidogo ukingoni pale ambapo mwenyewe alipenda kufungulia chupa za soda ili kuwachekesha watoto.

Ini lilipanda hadi kooni na ule utamu wake, akalimeza tena, kwa sababu walikuwapo wote pale, wanaume aliowajua tangu utotoni, wanaramba vidole, wanaulizana kama limebaki. Angewaambiaje? Angesema nini, na midomo ile inang'aa mafuta? Na Renita, aliyemwambia asubuhi amletee baba nyumbani mapema ili wote wale pamoja?

"Lavon! Nakuuliza umri."

Alibana gego kwa mkasi, likatoka bila shida, likaanguka kiganjani. Lilikuwa na joto.

"Minne na nusu," alisema. "Jike wa kawaida."

Kapteni aliitungika taya kwenye waya, chini ya pindo lenye miraba. Lavon alilitia gego mfukoni mwa shati.

Gari la Shemasi lilirudi polepole. Alishuka peke yake. Mkono mmoja alishika bunduki ya Ezell, risasi zote ndani, haijapigwa. Mkono wa pili alishika viatu vya Ezell, kamba zimefungwa vizuri kwa fundo, soksi zikiwa bado ndani.

"Vilikuwa vimesimama chini ya mwaloni," alinong'ona. "Nyayo zinatoka hapo. Sitawaambia ni nyayo za nini." Macho yake yakamwendea Lavon. "Mwanangu. Safari hii ya pili nakuuliza. Uliona nini?"

Lavon alisimama. Alitaka kusema, Mungu ndiye shahidi, alitaka kusema yote, tangu lile jani la Novemba hadi kile kilichokuwa mfukoni mwake. Alifungua kinywa.

"Sikuona kitu," alisema.

Kapteni Mungin, aliyekuwa karibu naye kuliko wote, aliziba pua akarudi nyuma. Na chini ya gari, pale alipokuwa amelala tangu waliporudi, Queenie aliinuka. Alikuja pua chini, hatua kwa hatua, hadi kwenye viatu vya Lavon. Akanusa. Akainua kichwa, akatoa ule mlio wake mrefu wa kuvunjika mwishoni, na ndani ya masanduku yote mbwa wakamwitikia.